Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kupanga kurasa za msaada wa programu ili zisomeke

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa watu ninaofanya nao kazi: wasanidi programu walioambiwa waandike mwongozo toleo jipya likiwa limekaribia, wahudumu wa wateja wanaojibu swali lile lile kila asubuhi, na waandishi waliokabidhiwa kurasa za zamani wasijue pa kuanzia. Mengine yana majibu mafupi, mengine yamenichukua nafasi.

Kwa nini watu hawausomi mwongozo wetu, na kila kitu kimo?

Kwa sababu hawakuja kusoma. Anayefungua ukurasa wa msaada ameacha kazi yake katikati: ripoti inasubiriwa, mteja yuko kwenye simu, skrini imetoa ujumbe wa hitilafu asiouelewa. Anataka jibu, kisha arudi alikokuwa. Macho yake yanaruka kutoka kichwa hadi kichwa yakisaka neno linalofanana na shida yake. Yasipoliona upesi, anafunga ukurasa na kumpigia mtu simu.

Mwaka 1997 Jakob Nielsen, mtafiti wa namna watu wanavyotumia tovuti, alieleza kwamba asilimia 79 ya watu aliowachunguza waliupitia ukurasa mpya wa wavuti kwa kuruka-ruka, na asilimia 16 tu ndio waliosoma neno kwa neno. Mwaka 2006, baada ya kufuatilia mwendo wa macho, alionyesha umbo linalofanana na herufi F: mstari wa juu husomwa karibu wote, wa chini yake husomwa nusu, halafu macho hushuka yakiambaa upande wa kushoto. Kwa sisi tunaoandika, maana yake ni kwamba maneno mawili matatu ya mwanzo wa kila kichwa, kila aya na kila hatua ndiyo yanayobeba ukurasa. Kitu kuwamo peke yake hakumsaidii mtu mwenye haraka. Lazima akione.

Mpangilio si kazi ya mbunifu wa tovuti?

Sehemu yake ndogo. Mbunifu huamua fonti, rangi na upana wa safu, mara moja kwa kurasa zote. Lakini aya ikatwe wapi, lipi litangulie, hatua ngapi ziwe kundi moja, onyo likae wapi, hayo huamuliwa na anayeandika, ukurasa kwa ukurasa. Nimeona tovuti za msaada zikivalishwa sura mpya kabisa na maswali ya wateja yakabaki yale yale, kwa kuwa matini yenyewe haikuguswa.

Ukurasa mmoja ubebe mambo mangapi?

Swali moja la msomaji, na yale tu anayoyahitaji ili swali hilo liishe.

Ukurasa unaochosha kuliko yote ni ule unaofanya kazi nne kwa pamoja: unamfundisha mgeni, unampa mzoefu hatua, unaorodhesha kila mpangilio uliopo, na juu ya hayo unaeleza kwa nini mfumo ulijengwa hivyo. Daniele Procida, katika utaratibu wake unaoitwa Diátaxis, amezitenga kazi hizo nne: mafunzo ya kuanzia, mwongozo wa kutimiza kazi, marejeo, na maelezo ya kuelewa. Kabla yake DITA, kiwango cha kupanga nyaraka za kiufundi kilichopitishwa na shirika la viwango la OASIS mwaka 2005, kiligawa kurasa katika dhana, kazi na marejeo. Huhitaji kuufuata utaratibu wowote kati ya hiyo neno kwa neno. Chukua wazo lenyewe: anayetaka kubadilisha nenosiri asilazimishwe kupita kwenye aya tatu za nadharia ya usalama. Zipe aya hizo ukurasa wao, kisha uweke kiungo.

Kumbuka pia kwamba wengi hawaingii kwa mlango wa mbele. Wanatua katikati ya tovuti wakitokea kwenye injini ya kutafutia. Kwa hiyo kila ukurasa ujitambulishe: unahusu toleo gani la programu, msomaji anahitaji ruhusa gani, na uko chini ya sehemu ipi. Mstari mdogo juu ya kichwa unaosema Msaada › Akaunti › Nenosiri unamwonyesha mgeni alipo.

Na sehemu za ukurasa zifuatane kwa utaratibu mmoja tovuti nzima. Mwongozo wa mfumo endeshi wa Unix, uliotoka mara ya kwanza tarehe 3 Novemba 1971, ulikuwa hivyo tangu siku hiyo: jina la amri, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili yanayohusika, kasoro zinazojulikana. Aliyezoea ukurasa mmoja anajua pa kutazama katika zote zilizobaki. Zaidi ya miaka 50 baadaye kurasa za amri bado zinapangwa karibu vile vile.

Vichwa vyetu vyote vinaanza na "Jinsi ya". Kuna ubaya?

Upo. Jicho linaloshuka upande wa kushoto linakutana na "Jinsi ya" mara ishirini, na neno linalotofautisha kurasa limesukumwa kulia. Kwenye simu huenda likakatwa lisionekane. Andika "Kubadilisha nenosiri", "Kurejesha faili lililofutwa", "Kuongeza mtumiaji". Kiambishi "ku-" ni kifupi na macho yanakizoea haraka. Ukipenda amri tupu, "Badilisha nenosiri", nayo inafaa. Chagua mtindo mmoja ukae nao.

Kubwa zaidi ya hilo ni kuita shida kwa jina analoliita mwenye shida. "Usimamizi wa vitambulisho vya ufikiaji" ni jina walilolitunga waliojenga mfumo. Msomaji anatafuta "Nimesahau nenosiri". Na kama ukurasa unahusu hitilafu, weka ujumbe wenyewe kwenye kichwa, herufi kwa herufi, pamoja na namba yake, kwa sababu watu hunakili ujumbe na kuubandika kwenye kisanduku cha kutafutia.

Hatua ziandikwe vipi?

Hili ndilo ninaloulizwa zaidi, na ndipo ukurasa mwingi unapoharibika. Soma aya ya aina hii, ambayo naipokea mara nyingi:

> Iwapo mtumiaji atakuwa amefuta faili kwa bahati mbaya, mfumo unatoa uwezekano wa kufanyika kwa urejeshaji wa faili husika kupitia sehemu ya Tupio ambayo inapatikana katika menyu ya pembeni, ambapo faili litachaguliwa na kitufe cha Rejesha kubofywa, isipokuwa kama siku 30 zitakuwa zimepita tangu kufutwa kwake, ambapo litakuwa limeondolewa kabisa.

Sarufi haina kosa kubwa, na kila taarifa ni sahihi. Lakini msomaji anafika mwisho kabisa ndipo anagundua kwamba huenda kazi yote haiwezekani. Ipange upya:

> Kurejesha faili lililofutwa
>
> Faili lililofutwa hukaa kwenye Tupio kwa siku 30. Baada ya hapo haliwezi kurejeshwa.
>
> 1. Kwenye menyu ya pembeni, bofya Tupio.
> 2. Chagua faili unalolitaka.
> 3. Bofya Rejesha.
>
> Faili linarudi kwenye folda lilimokuwa.

Tazama kilichohama. Sharti la siku 30 limekuja mbele, ili ambaye muda umempita asipoteze dakika nyingine. Ndani ya hatua ya kwanza mahali pametangulia tendo: "kwenye menyu ya pembeni" kwanza, "bofya" baadaye. Ukigeuza, msomaji anasoma "bofya Tupio", anainua macho kulisaka kwenye skrini nzima, halioni, anarudi kwenye ukurasa na kukuta kumbe lilikuwa pembeni. Vivyo hivyo kwa masharti: "Ikiwa unataka kubaki na nakala, bofya Nakili kwanza" ni salama kuliko "Bofya Nakili kwanza ikiwa unataka kubaki na nakala", kwa maana wapo watakaokuwa wamebofya kabla ya kufika kwenye "ikiwa". Na mstari wa mwisho unamwambia kazi imekwisha, aangalie wapi ili athibitishe.

Kitendo kimoja kwa hatua moja. Vitendo viwili vidogo vinavyofuatana mahali pamoja, kama kuandika jina na kubonyeza Enter, naviacha pamoja bila wasiwasi. Hatua zikipita tisa au kumi, tafuta pa kuzikata na uzipe vichwa vidogo. Namba ni za mambo yanayofuatana. Kama mfuatano hauna maana, tumia vinukta, maana msomaji akiona namba ataamini kwamba lazima aanze na 1.

Wengi huuliza kuhusu nafsi na adabu. Mwandikie msomaji moja kwa moja: "bofya", "chagua", "andika". "Mtumiaji anapaswa kubofya" inamfanya ajiulize kama mtumiaji ni yeye au ni mtu mwingine kwenye mfumo, na katika programu zenye msimamizi na watumiaji wa kawaida swali hilo ni la kweli. "Tafadhali" ihifadhi kwa pale unapomwomba jambo la hisani, kama kukutumia ripoti ya hitilafu. Ikijirudia katika hatua saba, inasimama mbele ya vitenzi saba ambavyo ndivyo alivyokuwa anavitafuta.

Onyo liwekwe wapi?

Kabla ya hatua inayohusika. Kila mara.

Niliwahi kurithi mwongozo wa programu ya kutunza rekodi za wateja. Hatua ya 6 ilisema bofya Unganisha. Chini ya hatua ya 7, ndani ya kisanduku kizuri cha manjano, ilielezwa kwamba rekodi mbili zikishaunganishwa haziwezi kutenganishwa tena. Mhudumu mmoja aliunganisha rekodi za watu wawili waliofanana majina. Alikuwa amefuata maelekezo moja baada ya jingine, kama tulivyomwomba, na lawama zikamwangukia yeye. Bado inaniuma, kwa sababu kosa lilikuwa la ukurasa.

Aina mbili au tatu za visanduku zinatosha: dokezo, onyo, na pengine kidokezo cha njia ya mkato. Ukurasa wenye visanduku sita haumwonyi mtu, kwani jicho limeshajifunza kuviruka.

Safu iwe na upana gani, na herufi ukubwa gani?

Lenga herufi 45 hadi 75 kwa mstari, nafasi zikihesabiwa. Mwongozo wa kimataifa wa ufikivu wa wavuti, WCAG, katika daraja lake la juu, AAA, unaweka kikomo cha herufi 80, unataka nafasi ya angalau mara moja na nusu kati ya mistari, na unakataza kunyoosha matini pande zote mbili.

Katazo hilo la mwisho linatuhusu sisi hasa. Kitenzi cha Kiswahili hubeba mtenda, wakati na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo tuna maneno kama "yanayoshughulikiwa", herufi 18 bila pumzi. Kwenye safu nyembamba iliyonyooshwa pande zote, neno kama hilo linashuka mstari wa chini na kuacha mashimo juu yake, macho yanajikwaa. Nyoosha kushoto tu, kulia kubaki kama kulivyo. Sababu hiyo hiyo inafanya vitufe na vichwa vya majedwali vilivyopimwa kwa Kiingereza vifurike vinapotafsiriwa. Mwambie mbunifu mapema, kabla hajafunga vipimo.

Vivinjari vingi huanza na herufi za pikseli 16 kwa matini ya kawaida, nami sishuki chini ya hapo. Msomaji akikuza matini hadi asilimia 200, isikatike wala kufunikana. Tangu toleo la 2.1 la mwaka 2018, WCAG inataka pia ukurasa ujipange upya kwenye upana wa pikseli 320 bila kumlazimisha msomaji kuvuta pembeni ili amalize mstari. Huo ni upana wa simu ndogo, na pia ndio anaoupata mtu mwenye skrini ya pikseli 1280 akikuza mara nne.

Jambo moja dogo ambalo halichukui hata dakika: nafasi iliyo juu ya kichwa iwe kubwa kuliko iliyo chini yake. Zikilingana, kichwa kinaelea katikati na msomaji hajui ni cha aya ipi.

Na rangi?

Uwiano wa mwanga wa angalau 4.5:1 kati ya matini na mandhari yake, au 3:1 kwa herufi kubwa. Kijivu hafifu juu ya nyeupe ndicho kinachoangusha kurasa nyingi: rangi yenye msimbo #767676 inapita kwa 4.54:1, #777777 inashindwa kwa 4.48:1, na kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo tumia kipimo. Rangi isiwe ishara pekee. "Sehemu zenye nyekundu ni za lazima" haimwambii kitu asiyeiona nyekundu, wala aliyechapisha ukurasa kwa wino mweusi.

Tuweke picha ngapi za skrini?

Chache kuliko unavyodhani. Kila picha ni deni: kitufe kikihama au rangi ikibadilika, picha inasema uongo, na msomaji anayeona picha isiyofanana na skrini yake anaacha kuamini hata maneno yaliyo sahihi. Weka picha pale ambapo maneno yanashindwa kuonyesha mahali, kwa mfano ikoni isiyo na jina, au dirisha lenye vitu vingi vinavyofanana. Picha ya kisanduku chenye kitufe kimoja cha Sawa haina kazi.

Ikate ibaki sehemu inayohusika na kiasi kidogo cha mazingira yake, mtu ajue ilikotoka. Alama moja ya mshale au duara, sio tano. Tumia data za kubuni, kamwe sio rekodi za mtu halisi. Na hatua zenyewe zisikae ndani ya picha, maana humo haziwezi kutafutwa, kunakiliwa, kutafsiriwa wala kusomwa na kisoma skrini, yaani programu inayowasomea wasioona kwa sauti. Maelezo mbadala ya picha yaseme kile ambacho picha inafundisha: "Ikoni ya gurudumu iko juu kulia, kando ya jina la akaunti" inasaidia, "picha ya skrini" haisaidii.

Programu iko kwa Kiingereza, msaada tunaandika kwa Kiswahili. Majina ya vitufe tuyatafsiri?

Yaandike kama yanavyoonekana kwenye skrini. Ukimwambia abofye Hifadhi na skrini imeandika Save, umempa kitendawili. Andika: "Bofya kitufe cha Save ili kuhifadhi mabadiliko." Maana imeingia kwenye sentensi yenyewe. Tanguliza daima nomino inayosema kitu ni cha aina gani: kitufe cha, menyu ya, kisanduku cha, kichupo cha. Inamwambia msomaji atafute umbo gani, na inakuondolea shida ya upatanisho wa kisarufi na neno la kigeni.

Herufi nzito ziwe za majina hayo tu. Ukizitumia pia kusisitiza, kutaja istilahi na kupamba, zitaacha kuwa ishara ya kitu cha kubofya. Kwenye msimbo wa ukurasa, taja kwamba lugha ni "sw", na maneno ya Kiingereza uyape alama ya "en", ili kisoma skrini kiyatamke inavyopaswa.

Kipimo cha usomekaji kinasema Kiswahili chetu ni kigumu mno. Tukiamini?

Hapana. Kanuni ya Rudolf Flesch ya mwaka 1948, na ile ya 1975 iliyotokana nayo na kutengenezwa kwa ajili ya jeshi la majini la Marekani, zinahesabu silabi kwa neno na maneno kwa sentensi, na zilipimwa kwa Kiingereza. "Hatutawaandikia" ni neno moja lenye silabi nane. Kanuni inaliona kama mlima, na mtoto wa shule analielewa.

Ugumu wa Kiswahili cha nyaraka uko kwingine. Uko kwenye mnyororo wa nomino: "ufanyaji wa uhifadhi wa mabadiliko" badala ya "kuhifadhi mabadiliko". Uko kwenye "ambayo" tatu ndani ya sentensi moja. Uko kwenye kauli ya kutendwa inayomficha mtenda: "Faili litafutwa." Na nani? Mimi, au programu yenyewe usiku? Katika nyaraka za programu hilo ni swali la msingi, kwa hiyo andika "Programu itafuta faili" au "Futa faili".

Uko pia kwenye "inaweza". Ukiandika "Programu inaweza kufuta nakala za zamani", mmoja ataelewa kwamba ina uwezo huo ukiiamuru, mwingine ataelewa kwamba siku moja huenda ikafuta bila kuulizwa. Wa pili ataogopa, wa kwanza atapoteza nakala. Tumia "huenda" kwa jambo linaloweza kutokea, "unaweza" kwa hiari ya msomaji, na "lazima" kwa lisilo na hiari.

Halafu istilahi. Nenosiri, nywila na neno la siri ni kitu kimoja. Chagua jina moja kwa tovuti nzima, hata kama mengine unayapenda zaidi. Upande wa pili, usichanganye maneno mawili yenye kazi mbili. Katika kazi yangu "futa" ni kuharibu kabisa, "ondoa" ni kutoa kwenye orodha na kitu kikabaki kilipokuwa. Wahudumu wa wateja walikuwa wa kwanza kuniambia kwamba tofauti hiyo imewapunguzia simu.

Kwa nini kisanduku chetu cha kutafutia hakileti kitu, na ukurasa upo?

Huenda kinatafuta neno kama lilivyoandikwa. Msomaji anaandika "nimefuta", ukurasa una "kufuta" na "lililofutwa". Kwa Kiingereza zana nyingi za kutafutia hukata viambishi na kufika kwenye shina. Kwa Kiswahili, ambacho viambishi vyake vingi viko mbele ya shina, zana nyingi hazijui pa kukata. Kama unaweza kuweka uchambuzi wa Kiswahili kwenye seva, weka. Kama huwezi, yapande maneno ya watu ndani ya ukurasa kwa namna ya kawaida. Aya ya kwanza ikisema "Nimefuta faili kimakosa, nifanyeje?", unakuwa umegusa maumbo watu wanayoyaandika. Mahali pa kuongeza maneno ya kutafutia yasiyoonekana, ikiwa mfumo wako unapo, ndipo pa kuweka visawe na makosa ya tahajia yaliyozoeleka.

Pitia kila mwezi orodha ya maneno yaliyotafutwa yasilete jibu. Sijawahi kuipitia nikakosa ukurasa wa kuandika au kichwa cha kubadilisha.

Tunaandikia wasanidi programu. Kuna la ziada?

Amri na msimbo ziwe kwenye fonti ya upana sawa, na kitufe cha kunakili kisichobeba alama ya mwanzo wa mstari, kama $. Tenganisha amri na matokeo yake, kila moja na kisanduku chake. Sehemu ambayo msomaji anabadilisha iwe wazi, kama JINA_LAKO, na ueleze chini yake. Hakikisha kihariri chako hakigeuzi alama za nukuu zilizonyooka kuwa za kupinda, wala vistari viwili kuwa kimoja kirefu: amri ikinakiliwa hivyo itakataa, na anayejaribu anaweza kupoteza saa nzima akitafuta kosa ambalo macho hayalioni.

Ukurasa wa maswali kama huu ni wazo zuri kwa programu yetu?

Ikiwa maswali yameulizwa kweli, na kila jibu halina makao mengine. Mara nyingi unakuwa mahali pa kutupia kila kilichokosa nafasi, au maswali ambayo kampuni ingependa kuulizwa. Jibu la hatua kwa hatua lihamishie kwenye ukurasa wake, ubakize mstari mmoja na kiungo. Kiungo kiseme kinakokwenda. "Bofya hapa" haina maana kwa anayesikiliza orodha ya viungo kwa kisoma skrini.

Nitajuaje kama ukurasa umekuwa bora?

Mkalishe mtu asiyejua programu, mpe kazi halisi ("umefuta faili, lirudishe"), kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu. Ukimwonyesha kitufe hata kwa jicho, umepima ukarimu wako, sio ukurasa. Andika anaposita, anaporudi juu, anaposoma kwa sauti, neno analoliuliza. Watu watano wa aina hiyo watakuonyesha makosa mengi makubwa. Rekebisha, kisha uwaite wengine watano.

Idadi ya waliofungua ukurasa haikuambii kama walifanikiwa, na muda mrefu kwenye ukurasa wa msaada mara nyingi ni dalili ya mtu aliyekwama. Maswali yanayowafikia wahudumu kuhusu jambo hilo hilo, kabla na baada ya mabadiliko, yanakuambia zaidi.

Tuna kurasa 300, na mwandishi ni mimi peke yangu. Nianze wapi?

Waombe wahudumu wa wateja mambo kumi yanayowachosha. Linganisha na kurasa zinazofunguliwa zaidi na maneno yaliyotafutwa bila jibu. Zitabaki kurasa kama ishirini, na hizo ndizo kazi yako kwa miezi michache. Nyingine ziache zilivyo kwa sasa, ila zile zinazodanganya kuhusu toleo la zamani zifute leo na uelekeze anwani zake kwenye ukurasa sahihi.

Katika kila moja ya ishirini hizo fuata mpangilio huu: kichwa kwanza, halafu sentensi mbili za mwanzo, halafu sogeza maonyo na masharti juu, halafu vunja aya za maelekezo kuwa hatua. Picha na mapambo yaje mwisho. Kama una saa moja tu, badilisha vichwa ishirini.